Niliulizwa Mtoto Akiwa Mgongoni

Niliolewa muda mfupi kabla ya Uhuru, na mwanamume ambaye hakuwahi kuzaliwa. Kwetu, upande ule wa Migori unaopakana na Tanzania, jambo hili halikuwa la ajabu, na lina jina lake: nyumba ntobu. Mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume hutoa ng'ombe na kuoa msichana kwa ajili ya yule mwana ambaye angemzaa. Msichana huzaa na mwanamume atakayepatikana, na watoto huwa wa nyumba ile. Mwanamume aliyesaidia hana dai lolote. Mtoto ni wa ng'ombe, walisema wazee, na aliyetoa ng'ombe ni mwanamke.

Huyo aliyenioa nilimwita mama, kwa kuwa kimila alikuwa mama mkwe wangu. Alikuwa mjane. Alikuwa na mabinti watatu, wote wameolewa, na ng'ombe wa mahari yao ndio waliojaza boma lake. Ndugu za marehemu mumewe walikuwa na desturi ya kuja kuwatazama ng'ombe hao. Hawakuomba kitu. Walisimama tu penye ua wakiwasifu. Mama alijua kwamba akifa bila mjukuu wa kiume, watawasifu mpaka wawafikishe kwao.

Mimi sikuwa msichana mdogo. Mama yangu mzazi aliugua kwa miaka mingi na mimi ndiye niliyemuuguza, hivyo wenzangu wote waliolewa nikiwa bado nachemsha dawa. Alipofariki, ndugu yangu alikuwa anataka kuoa na baba hakuwa na ng'ombe. Baba aliniambia habari za yule mjane tukipalilia mtama.

"Ni mtu mtaratibu," akasema. "Halewi, na hana mkono mwepesi."

Niliwafikiria rafiki zangu na waume zao, nikaona kwamba hizo ni sifa ambazo si kila mmoja wao alizipata. Nikaendelea kupalilia. Baba akaenda kuwaambia watu kwamba nimekubali.

Nilipofika kwa mama alinipa nyumba yangu, jembe langu na sufuria mpya. Kesho yake asubuhi tuliketi nje tukipeta wimbi, akanieleza mambo yalivyo.

"Watoto ni wa hapa," akasema. "Hilo unalijua."

"Nalijua."

"Sasa huyo mwanamume. Kuna mtoto wa shemeji yangu. Wanataka awe yeye. Ni damu ya nyumba hii."

Mtoto huyo wa shemeji alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini hivi, na kila aliyepita njia ya sokoni aliwahi kumruka akiwa amelala katikati yake kwa sababu ya pombe.

"Simtaki," nikasema.

"Kwa nini?"

"Mama, si unamjua."

"Namjua. Nilitaka kusikia kama na wewe unamjua."

Akaendelea kupeta. Baada ya muda akasema kwamba yeye mwenyewe aliolewa bila kuonyeshwa mtu, na kwamba alipoonyeshwa alishtuka kidogo, kwani mume alikuwa mfupi. Hakutaka wajukuu wake wawe wafupi. Tukapatana hivi: mmoja wetu akimpendekeza mtu, mwenzake anaweza kumkataa, na akikataa hakuna kuulizana mara ya pili. Hayo hayakuwa ya mila. Kwenye maboma mengine ya namna yetu mama mkwe alichagua na msichana akafungua mlango. Sijui kwa nini mama alifanya vingine. Nilipomuuliza miaka mingi baadaye alisema alikuwa na shughuli nyingi siku ile na hakutaka mzozo.

Alimpendekeza mchunga ng'ombe mmoja, nikamkataa. Nikampendekeza kijana wa ng'ambo ya mto, akamkataa kwa sababu baba yake alikuwa na kifafa. Akamleta muuza chumvi. Tulimpa uji, akanywa kwa sauti kubwa sana, tukatazamana, na tukamkataa sote.

Wakati huo palikuwa panajengwa zahanati karibu na soko, na wanawake waliajiriwa kuteka maji ya kuchanganyia saruji. Nikaenda kuteka. Fundi mwashi alikuwa Mjaluo kutoka Rangwe, mrefu, mwenye maneno machache, na alikuwa na mke na watoto huko kwao. Alikuwa Msabato. Ijumaa jua likianza kushuka aliweka mwiko chini hata kama saruji bado ilikuwa mbichi. Mimi sikujua Kijaluo na yeye hakujua Kikuria, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili. Chake alikipata pwani alipokwenda kutafuta kazi, changu nilikipata sokoni. Yeye alisema "tafadhali naomba maji," mimi nilisema "shika." Kiswahili hiki ninachoandikia nilianza kujifunza pale, nikiwa na mtungi kichwani.

Nilipomtaja nyumbani, mama aliweka kibuyu chini.

"Mjaluo," akasema. Swali lake la kwanza halikuwa la dini. Kwetu mwanamume asiyetahiriwa ni mtoto hata akiwa na mvi, na Wajaluo hawatahiri.

"Alitahiriwa hospitalini, huko pwani," nikasema.

"Umejuaje?"

"Nilimuuliza."

Mama alinitazama kwa muda. Nadhani ndipo alipoanza kuniheshimu, au kuniogopa. Akasema aletwe.

Alikuja Jumapili akiwa amevaa shati safi. Mama aliwaita wanawake wawili wazee wa jirani wawe mashahidi, na mimi nikawa mkalimani. Alimuuliza kama kwao kuna ukoma, kama kuna kichaa, kama kuna wezi. Alijibu kwamba ana mjomba mmoja aliyewahi kuiba kuku. Mama alipendezwa na jibu hilo. Kisha akamwambia:

"Mtoto akizaliwa si wako. Akiwa mzuri si wako. Akiwa mkubwa akawa chifu, si wako. Sema."

Nikatafsiri. Fundi akaangalia mikono yake.

"Si wangu," akasema.

Mashahidi wakaitikia kwa vichwa. Mama akatoa ugali na kuku, na mambo yakawa yamekwisha. Fundi alikuja kwetu kwa muda wote wa kujenga ile zahanati, isipokuwa Sabato. Alikuwa mtu mpole. Sitasema zaidi ya hapo, kwa sababu wajukuu wangu wanajua kusoma.

Mtoto wa kwanza alikuwa msichana. Mama alimpokea, akamgeuza upande huu na upande ule, akasema, "Ni mtoto," kisha akatoka nje akakaa na ng'ombe hadi jioni. Aliporudi alimbeba na hakumweka chini tena kwa miezi. Wa pili alikuwa mvulana, naye alizaliwa muda mfupi kabla zahanati haijapakwa chokaa. Mama alichinja mbuzi. Shemeji zake walikuja, wakala, wakasema mtoto ana miguu mirefu isiyo ya ukoo ule. Mama akasema ndiyo, ameshukuru sana.

Zahanati ilipokwisha fundi alirudi Rangwe. Alikuja kuaga akiwa na sanduku lake la vyombo. Hakuomba kumbeba mtoto. Alisimama penye mlango, akapitisha kidole kwenye ufa uliokuwa ukutani, akasema ufa huo uzibwe kabla ya mvua. Nikauziba.

Sasa nifike kwenye kamati.

Katika lokesheni ya jirani palikuwa na msichana aliyeolewa kama mimi, ila yeye alikuwa mdogo sana, na mama mkwe wake hakuwa mtu wa kuketi na kupeta wimbi. Alichaguliwa mwanamume ambaye yeye hakumtaka. Akakimbilia kwa shangazi yake upande wa Tanzania, akarudishwa. Akakimbia tena, akarudishwa akiwa amefungwa kamba. Mara ya tatu hakurudishwa kwa sababu hakupatikana. Watu waliongea habari hizo msimu mzima. Kasisi akazisema kanisani, mwalimu mkuu akazisema shuleni, na mwishowe chifu akaunda kamati ya kuweka kanuni za ndoa za nyumba ntobu. Serikali ilikuwa mpya na kila mtu alikuwa anaunda kamati.

Wajumbe walikuwa wanaume, pamoja na mke wa kasisi aliyewekwa ili wanawake wawe na mtu. Walizunguka maboma yetu wakiuliza maswali. Kwetu waliketi kwenye viti vya kuazima, wakamuuliza mama alitoa ng'ombe wangapi, watoto wangapi wamezaliwa, na ardhi iko upande gani. Mama alijibu yote. Kisha akasema, "Na yeye huyu hapa. Muulizeni."

"Tutafika," akasema mwenyekiti.

Wakanywa chai, mke wa kasisi akasaidia kuimimina, wakaondoka. Hawakufika.

Mjumbe mmoja alikuwa shemeji yake mama, yule yule baba wa mlala njiani. Mama alipomwona kwenye kiti akiandikiwa jina alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Fisi amewekwa kupanga lindo la mbuzi." Mjumbe akajifanya hakusikia.

Siku ya baraza walisoma walichoafikiana. Bwana DO, yaani ofisa wa tarafa, alikuwa amekuja. Alikuwa kijana kutoka sehemu nyingine ya nchi, hakujua Kikuria, na karani wa chifu ndiye aliyekuwa akimfasiria kwa Kiswahili. Karani alikuwa mtu wa kufupisha. Mzee akizungumza mpaka kivuli kikahama, karani alisema, "Anaunga mkono."

Kanuni zenyewe hazikuwa mbaya zote. Mwalimu alitaka msichana asiolewe akiwa mtoto, na aulizwe mbele ya kamati kama anakubali. Kasisi alitaka ndoa hizo zipigwe marufuku kabisa, lakini alikuwa amepewa kanuni ndogo ya kumtuliza: watoto waonyeshwe mtu aliyewazaa, ili wasije wakaoana na ndugu zao bila kujua. Na shemeji yake mama alikuwa amepata kanuni yake pia. Ilisema mwanamume atoke katika ukoo wa marehemu, achaguliwe na wazee wa ukoo, ili kuzuia vurugu na damu ya kigeni. Na kwa maboma ambayo damu ya kigeni ilikuwa imekwisha kuingia, wazee wa ukoo ndio wasimamie ng'ombe.

Nilimtazama mama. Alikuwa amekaa wima kama aliyekwishakufa.

Nikasimama. Mvulana wangu alikuwa mgongoni, amelala. Nikasema kwa Kiswahili, "Bwana DO, naomba kusema."

Chifu akasema wanawake watasema mwishoni.

"Mwishoni ni lini?" DO akauliza.

"Bado," akasema chifu.

"Basi aseme sasa."

Sikuwa nimewahi kuzungumza mbele ya watu wengi hivyo, wala sikuwa na maneno mengi. Nilikuwa na Kiswahili cha sokoni na cha kuteka maji.

"Mimi nimeolewa hivyo mnavyosema," nikasema.

"Mume wako yuko wapi?"

"Hayupo."

"Amefariki?"

"Hapana. Hajazaliwa."

DO akamgeukia karani. Karani akasema, "Ni kweli, bwana."

Nikaendelea. Nikasema ile kanuni ya kuuliza msichana ni nzuri, na ile ya kutooza watoto ni nzuri zaidi. Lakini ile ya ukoo sielewi. "Mkimuuliza msichana kama anakubali, halafu mkamchagulia mwanamume, mtakuwa mmemuuliza nini? Mimi na mama tulichagua wenyewe. Yeye alikataa wake na mimi nikakataa wangu. Yule msichana aliyepotea hakupotea kwa sababu ya damu ya kigeni. Alichaguliwa mtu wa ukoo."

Hilo lilikuwa kweli na halikuwa limesemwa.

Shemeji yake mama akasimama, akasema kwa Kikuria kwamba damu ya ukoo ndiyo hulinda ng'ombe wa ukoo. Kabla karani hajafupisha, mama alijibu akiwa amekaa pale pale chini:

"Damu ya ukoo ilikuwa imelala njiani leo asubuhi. Niliiruka nikija hapa."

Baraza lote likacheka, hata chifu. DO akauliza wamesema nini. Karani akasema, "Wanajadiliana."

DO akaniuliza, "Sasa wewe unataka tupige marufuku, kama kasisi anavyosema?"

"Ukipiga marufuku leo, mimi kesho nitakuwa mke wa nani? Na hawa watoto utawaita nani?"

Alifikiri. Alikuwa kijana mwenye heshima, ingawa jua lilikuwa linamsumbua. Akasema mambo ya sheria za ndoa yataangaliwa huko juu Nairobi, na kwamba kwa sasa marufuku isiwepo. Ile ya ukoo iondolewe. Zile nyingine zibaki, na kuuliza kuanze mara moja, hata kwa waliokwisha kuolewa, ili mambo yawe sawa. Akanigeukia.

"Na wewe ulikubali?"

"Sikuulizwa."

"Basi nakuuliza sasa. Unakubali?"

Mtoto alizinduka, akaanza kunivuta kitambaa. Watu wote walikuwa wakinitazama, tayari kwenda nyumbani. Lilikuwa ni neno moja tu, na kila mtu alikuwa analijua. Lakini sikuwa nimewahi kuulizwa swali hilo, na nilipolisikia niliona ni swali kubwa.

"Naomba nifikiri," nikasema. "Nitajibu baraza lijalo."

DO akasema ni haki yangu. Chifu alimtazama kama mtu aliyefungua zizi la wenyewe.

Tulirudi nyumbani mama akiwa mbele, mimi nyuma. Siku zile alipika yeye. Hakuwa amepika tangu nilipofika pale, na alikuwa amesahau mambo mengi ya chumvi. Nilikula. Aliteka maji, akachanja kuni, akawaogesha watoto, na hakuniuliza kitu. Shemeji zake walikuja wakasimama penye ua, wakawatazama ng'ombe, na kwa mara ya kwanza hawakuwasifu. Walikuwa wanahesabu.

Ndugu yangu pia alikuja. Aliniletea sukari. Akakaa muda mrefu akizungumzia mvua, kisha akasema kwamba nikikataa, mama atadai ng'ombe wake, na hao ng'ombe wako kwa wakwe zake yeye, na mkewe ana mimba. Nikamwambia najua. Huo ndio ulikuwa ugumu wa swali la DO. Swali lilikuwa safi, ila moja kati ya majibu mawili lilikuwa limekwisha kuliwa. Na hata kama ng'ombe wangepatikana, watoto wangebaki. Mila haikuwa na mlango wa mimi kutoka nao.

Sikuwa nachukia maisha yangu. Nataka hilo lieleweke. Mama hakuwahi kuniinulia mkono. Nilikuwa na nyumba isiyovuja. Lakini nilikaa siku hizo nikijaribu kumfikiria yule msichana aliyekuwa akipalilia mtama na baba yake. Je, angeulizwa, angejibu nini? Sikumpata. Kila nilipomtafuta nilimkuta ana watoto wangu mikononi, na mtu mwenye watoto mikononi hajibu maswali ya msichana.

Jioni moja kabla ya baraza mama alikuja akakaa kwenye kizingiti changu.

"Ukienda," akasema, "chukua msichana. Mvulana abaki."

Nilisimama na kijiko mkononi. Hakuna mwanamke wa hali yake aliyewahi kusema neno kama hilo, na kama shemeji zake wangelisikia wangeitisha kikao.

"Sijasema naenda, mama."

"Ndiyo. Lakini umeulizwa." Akatazama upande wa boma. "Mimi pia nimekuwa nikijiuliza ningejibu nini. Ningekataa. Yule bwana alikuwa mfupi sana."

Nikacheka, naye akacheka kidogo, kisha akafuta macho kwa pindo la nguo akasema moshi umezidi. Nikamwambia nitakayoyasema barazani. Msichana aende shule pamoja na mvulana. Watoto wapelekwe Rangwe wamwone fundi, kama kanuni ya kasisi inavyotaka. Na kama kutakuwa na mtoto mwingine au hakutakuwa, hilo litakuwa neno langu peke yangu. Alikubali la kwanza haraka. La tatu akaliguna, akakubali. La pili lilimchukua muda.

"Fundi akimwona mvulana alivyokua atamtaka," akasema.

"Alisema si wake, mbele ya mashahidi."

"Alikuwa hajamwona."

Lakini akakubali, kwa sharti kwamba naye aje.

Barazani nilisema masharti yangu, na DO akamwambia karani aandike.

"Kwa hiyo umekubali," akasema.

"Nimekubali, kuanzia leo."

"Kuanzia siku ya harusi," karani akasahihisha.

"Hapana. Leo."

DO akamwambia aandike leo.

Tulikwenda Rangwe baada ya mavuno. Mama hakuwa amewahi kupita Migori mjini. Tulipanda basi hadi Rongo, tukapanda jingine la kuelekea Homa Bay, na njia nzima alimshika mvulana mapajani kama mtu aliyebeba yai. Tulipouliza pale sokoni kwa fundi mwashi Msabato, tulionyeshwa nyumba ya tofali ambayo ilikuwa nzuri kuliko zote za jirani.

Mkewe ndiye aliyetoka. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye uso mtulivu. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akawatazama watoto kwa zamu. Watoto wake mwenyewe walikuwa wamesimama nyuma yake, na mmoja wao alikuwa na miguu, masikio na hata namna ya kusimama ya mwanangu.

"Karibuni," akasema kwa Kiswahili. Tukaingia. Akaleta viti, akaleta maji ya kunywa, kisha akakaa mbele yangu.

"Umekuja kuleta kitu au kuchukua kitu?"

"Kuonyesha tu. Ni kanuni ya kwetu, wamwone."

"Wamwone, basi waende?"

"Ndiyo."

Akamtazama mvulana. "Mdogo huyu ni sura ya wangu wa tatu."

"Nimeona."

"Mnakula samaki?" akauliza, akaenda jikoni.

Sikumwonea huruma wakati ule, kwa kuwa alikuwa na nguvu kuliko mimi. Baadaye nimemwonea. Katika kamati yote, katika mabaraza mawili, hakuna aliyekumbuka kwamba upande wa pili wa kila mwanamume kama yule huenda kuna nyumba yenye mtu ndani yake. Hata mimi, niliyesimama nikasema mbele ya DO, sikumkumbuka.

Fundi alirudi kutoka kazini, vumbi la saruji likiwa kwenye nyusi. Alipotuona alisimama penye mlango kama alivyosimama penye wangu. Akatusalimu mmoja mmoja. Kisha akachuchumaa mbele ya watoto.

"Hawa ni wageni wangu," akawaambia watoto wake kwa Kijaluo. Neno *welo*, wageni, nilikuwa nalijua. Akamuuliza binti yangu kama anasoma. Binti akasema ataanza Januari. Mvulana alimshika kidole na hakukiachia, fundi akakaa vile vile amechuchumaa, muda mrefu kuliko magoti ya mtu wa umri wake yanavyopenda.

"Mwambie," fundi akaniambia bila kuinua uso, "nilisema si wangu. Bado nasema hivyo."

Nikamtafsiria mama. Mama akasema kitu ambacho sikukitarajia.

"Mwambie awalee watoto wake vizuri. Na huyu akikua, akitaka kujifunza uashi, nitamleta."

Tulikula samaki. Mkewe alimpa binti yangu rinda lililokuwa limembana wa kwake. Tulilala kwao, asubuhi akatusindikiza hadi basi, na yeye na mama wakaagana kwa lugha mbili tofauti bila mimi kuhitajika.

Miaka iliyobaki ya muongo ule ilikuwa ya kawaida. Binti alikwenda shule, mvulana akamfuata. Sikuzaa tena, na mama hakusema kitu, isipokuwa mara moja alipoona mbuzi wetu amezaa mapacha akasema wengine wana bidii. Ng'ombe walibaki bomani. Shemeji yake mama aliondoka kwenye kamati akisema hana muda, na mwalimu mkuu akanileta mimi mahali pake. Kazi yangu ikawa kuwauliza wasichana.

Niliifanya vizuri. Nilimtoa msichana kando, mbali na baba yake, nikakaa naye chini nikamwuliza polepole, na nikamwambia kwamba akikataa hakuna atakayemgusa. Wengi walikubali. Baadhi walikubali kwa masharti, niliyowafundisha mimi. Mmoja tu alikataa katika miaka hiyo. Alikuwa mkubwa wa kutosha, mwenye akili, na alisema wazi kwamba hataki kuzaa kwa niaba ya mtu. Niliwaeleza wanakamati, wakaheshimu, ng'ombe wakarudishwa. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikitembea kama mtu mwenye viatu vipya.

Kabla mvua za masika hazijaisha, baba yake alimwoza kwa mzee mwenye wake wawili. Ilikuwa ndoa ya kawaida, mwanamume na mwanamke, na kamati haikuwa na kanuni juu yake. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Akavua miwani, akasema alichokuwa anakijua na mimi nikikijua, kwamba sisi ni kamati ya nyumba ntobu tu.

Nilikutana na msichana huyo sokoni baadaye, anauza mihogo. Nikamsalimu, akaitikia. Nikachukua mihogo, nikalipa, nikawa bado nimesimama.

"Uliniambia naweza kukataa," akasema.

"Ndiyo."

"Hukuniambia ni mara moja tu."

Mteja mwingine akaja akauliza bei, naye akamgeukia na kumhudumia.